Moshi Uliolala Juu ya Karungu

Habari za mke wa mwanangu zimesimuliwa sokoni Homa Bay kwa namna nyingi, na sijasikia hata moja iliyo sahihi. Wapo wanaosema alimshtaki mkwe wake mbele ya umati. Wapo wanaosema ana mashine inayowapiga watu picha wakiwa ndani ya nyumba zao. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nimeona niandike yaliyotokea, ili wajukuu wangu wayapate kwetu sisi wenyewe na si kwa wauza nyanya.

Jina lake ni Scovia. Alizaliwa Kehancha, binti wa mzee Mniko, mkulima wa tumbaku. Aliolewa na mwanangu Cliff, ambaye ni mwalimu wa hesabu Kisii na hurudi nyumbani kwetu Homa Bay mwisho wa juma. Kwetu wake wa ukoo huitwa kwa mahali walikotoka, basi yeye akaitwa Nyar Kehancha, binti wa Kehancha, na jina hilo amelibeba vizuri.

Baba yake alikuwa na mabani mawili ya kukaushia tumbaku nyuma ya nyumba. Tumbaku ikishaingia ndani, moto hauruhusiwi kuzidi wala kupungua, na Scovia alipokuwa mdogo alipokezana na mama yake kuutazama. Sare yake ya shule ilinuka moshi mwaka mzima. Bwenini wasichana wenzake walimwita Tumbaku. Aliniambia hayo siku moja tukichambua mboga za osuga, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja rangi ya ng'ombe.

"Lakini nilijifunza kitu, Mama," akasema. "Nilikuwa najua moto uko namna gani bila kufungua mlango. Moshi mweupe mzito, kuni ni mbichi. Moshi mwembamba wa buluu, moto uko sawa, naweza kurudi kwa vitabu."

Vitabu vilimfikisha chuo kikuu, akasomea fizikia, kisha vyombo vya kupimia hali ya hewa. Leo kazi yake ni kutunza kifaa kimoja kilicholetwa na mradi wa utafiti, kinachosimama juu ya paa la zege la zahanati moja huko Karungu, kando ya ziwa. Wataalamu wanakiita lidar. Watu wa Karungu wanakiita Sanduku, maana kina umbo la friji ndogo ya soda iliyopakwa rangi nyeupe.

Nilimwomba anieleze kinavyofanya kazi, naye alinieleza bila kunifanya mtoto. Kifaa kina kioo kinachotazama juu, na kupitia kioo hicho hurusha mwanga ambao macho yetu hayauoni, vipande vifupi vifupi, maelfu kwa kila sekunde. Mwanga ukikutana na moshi au vumbi, sehemu yake hurudi. Kifaa hupima umechukua muda gani kurudi, na kwa muda huo hujua kitu kiko juu kiasi gani. Tena hutofautisha. Chembe za vumbi zina pembepembe, nazo huuvuruga mwanga. Za moshi nyingi ni za mviringo, huurudisha karibu kama ulivyokuja. Yote hayo huwa picha ya rangi kwenye kompyuta yake ofisini Homa Bay: chini ni ardhi, juu ni mbingu, kushoto ni alfajiri na kulia ni jioni.

Jambo moja lilinifanya nimheshimu mapema. Mwezi wa kwanza tu picha ilionyesha kitu kizito kimesimama hewani, karibu na maji, na mwenzake mmoja ofisini akataka kukiandika kuwa ni moshi. Scovia akakataa. Akapanda gari hadi Karungu, akapanda ngazi hadi kwenye paa, akakaa. Walikuwa visubi wa ziwa, mamilioni yao, wamejipinda hewani kama nguzo. Tangu hapo alikuwa na neno lake: picha inasema kuna kitu, lakini jina la kitu analitoa aliyekwenda kuona.

Sasa, nyuma ya zahanati kuna shule ya msingi, na nyuma ya shule kuna matanuri ya udongo ya akina mama wanaokausha samaki kwa moshi. Kiongozi wao ni Benta, mama mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia mashua. Wanakausha mbuta na kamongo, na wameishi kwa kazi hiyo tangu mama zao. Mwaka jana watoto wa shule walianza kukohoa. Si siku zote, ila zile siku walizokohoa, kikohozi kilianza wakati wa mapumziko ya saa nne, wakitoka darasani, na hewa uwanjani ikawa nzito, macho yakiwasha. Matanuri yakiwa hapo hapo yanafuka, nani angetafuta mbali?

Naibu wa chifu, bwana Paul, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wazazi wanaomjia kila asubuhi. Akatangaza kwamba matanuri yatahamishwa yapelekwe nyuma ya kilima, na kwamba uamuzi utapitishwa katika mkutano wa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, uwanjani pa shule.

Benta alimjia Scovia pale kwenye ngazi za zahanati. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimemsindikiza siku hiyo.

"Nyathina, mwanangu, wakinipeleka nyuma ya kilima, samaki atafika ameoza kabla hajaona moto," akasema. "Barabara hakuna, maji hakuna. Waseme tu wazi kwamba wamenifungia kazi. Hilo Sanduku lako linaona mbingu, matanuri yangu haliyaoni?"

"Linayaona, Mama Benta, na linaona kitu kingine pia. Nipe siku chache."

Jioni, njiani kurudi Homa Bay, alinionyesha picha alizokuwa anaficha kama mtu anayeficha homa. Siku zote watoto walizokohoa zilifanana. Alfajiri, kabla Benta hajavunja hata kijiti, palikuwa na utepe wa moshi umelala angani juu ya Karungu, umenyooka kama shuka. Jua lilipopanda na ardhi ikapata joto, hewa ya chini ilianza kupanda na ya juu kushuka, zikachanganyika kama uji unaokorogwa, na utepe ukavutwa chini. Kufikia saa nne ulikuwa umegusa uwanja.

"Moshi huu hautoki chini, Mama. Unashuka."

"Unatoka wapi?"

Akafungua picha nyingine, za juma ambalo kiwanda cha sukari kinachochukua miwa yetu kilifungwa kwa matengenezo. Benta alikausha samaki juma zima. Watoto hawakukohoa. Anga ya alfajiri ilikuwa tupu.

Hakuhitaji kuendelea. Mimi nimekuwa mke katika shamba la miwa huko Uriri kwa zaidi ya miaka arobaini.

Asiyejua kwetu anahitaji kuelezwa. Miwa huchomwa kabla ya kukatwa. Moto unakula majani makavu, unafukuza nyoka, na mkataji anakata mara mbili ya kawaida. Tena miwa iliyochomwa haiwezi kungoja, kwa hiyo kiwanda huharakisha kuichukua, na kikifungwa hakuna anayechoma. Zamani watu walichoma saa yoyote. Kisha mwaka mmoja moto wa mchana uliruka kutoka shamba moja, ukala mashamba ya majirani na ghala la mtu. Marehemu mume wangu, Mwalimu Obare, ndiye aliyekaa na wakulima na kuwafundisha: choma jioni upepo ukilala, kata ukanda mpana pembeni, waite majirani wasimame na matawi. Tangu hapo hakuna moto uliotutoroka. Uriri nzima ikafuata. Mpaka leo mtu akichoma kwa adabu husema amechoma kwa Obare. Hilo ndilo jina alilotuachia, nalo lina thamani kuliko hata nyumba.

Na picha ilisema kwamba jioni tulivu, ile hewa ambayo mume wangu aliichagua kwa ajili ya jirani, ndiyo inayouacha moshi ulale bila kutawanyika. Halafu usiku upepo wa nchi kavu unaelekea ziwani, na unaubeba taratibu mpaka kwa watoto wa watu wengine.

Shamba sasa linaongozwa na shemeji yangu, Maxwell, mdogo wa marehemu, ambaye kwa Scovia ni baba mkwe naye humwita Baba, na ambaye pia ni mwenyekiti wa wakulima wa miwa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tena kwa matengenezo, na kingefunguliwa Jumatano, siku moja kabla ya mkutano wa Karungu. Zamu ya kwanza ya kuvuna ilikuwa yake. Jumatano hiyo jioni moto wa pekee Uriri ungekuwa wa shamba letu.

Scovia angeweza kuandika taarifa yake na kumpa Paul isomwe. Hakufanya hivyo. Angeweza kunyamaza pia, na matanuri ya Benta yangebomolewa, na sisi tungebaki na jina letu. Alichofanya ni kunijia jikoni asubuhi iliyofuata.

"Mama, sitaki Baba alisikie jambo hili uwanjani mbele ya watu. Na mimi siwezi kumwambia."

Hapo alisema kweli. Kwetu mke wa mtoto hamkosoi mkwe wake. Hasemi naye hata neno refu. Akitaka kitu anapitia kwa mama mkwe, na mkwe naye anajibu kwa njia hiyo hiyo. Scovia ni Mkuria, si wa kabila letu, lakini aliishika desturi hiyo kuliko wasichana wengi waliozaliwa ndani yake.

"Unasema ni moshi wetu?" nikamuuliza.

"Sisemi. Kifaa kinajua urefu, hakijui shamba. Nataka achome kama kawaida, halafu aje Karungu ajionee. Mama Benta ameniahidi kwa simu hawatawasha asubuhi hiyo. Kama hewa itabaki safi, basi nimekosea, na nitasema nimekosea."

Nilitazama picha ya mume wangu ukutani. Alikuwa mtu aliyerudisha mitihani ikiwa na alama halisi, hata ya mtoto wa chifu. Nikavaa viatu, nikapanda gari hadi Uriri.

Maxwell nilimkuta barazani anatengeneza bomba la kunyunyizia dawa, ameshika kipande chake mdomoni.

"Mama Cliff," akasema baada ya kukitoa. "Wewe ukija bila kupiga simu, ujue mtu ataumwa kichwa."

"Nimekuja kwa habari ya moshi."

Nikamweleza yote, polepole. Alisikiliza akigeuzageuza bomba.

"Kutoka hapa mpaka Karungu," akasema mwishowe. "Moshi wangu ulipanda gari gani?"

"Upepo."

"Upepo ulikuwa umelala. Ndiyo maana nilichoma. Kaka yangu alitufundisha hivyo, na wewe ulikuwepo ukitupikia chai."

"Umelala chini. Juu haulali, na usiku unatembea."

"Huyo binti kwao wanachoma kuni za tumbaku kila siku. Aelekeze sanduku lake kwa baba yake kwanza."

"Hilo nilimuuliza. Juma lile kiwanda kilipofungwa, mabani ya Kehancha yalikuwa yanawaka, na anga ya Karungu ilikuwa safi."

"Basi ni vumbi la barabara. Malori ya mchanga."

"Vumbi lina pembepembe. Moshi ni mviringo. Kifaa kinajua."

Akacheka kwa pua. "Pembepembe. Kweli mlisoma." Kisha akakasirika kidogo. "Unajua watu watasema nini? Watasema Mwalimu Obare aliwafundisha watu kuwafukiza watoto. Unataka hilo?"

"Sitaki. Ndiyo maana nataka uende wewe. Asubuhi ya Alhamisi. Ukikuta hewa safi, utasimama na kusema mke wa Cliff amekosea, na mimi nitakaa kimya."

"Wewe? Ukae kimya?" Akaweka bomba chini. "Kwa hilo tu nitakwenda."

Jumatano jioni alichoma. Alichoma kwa Obare, ukanda umekatwa, majirani wamesimama na matawi, na moto ukaenda wima kama ulivyofundishwa.

Alhamisi asubuhi Karungu ilikuwa nzuri mno. Ziwa limetulia, mbingu buluu, vilima vya Gwassi ng'ambo vimechongeka vizuri. Matanuri yalikuwa baridi. Akina mama walikuwa wamepaka samaki wao chumvi na kuwaanika, wakijua wengi wataharibika. Benta alikuja mpaka chini ya ngazi akaita juu kwenye paa.

"Nyathina, nimezima moto kwa ajili ya rangi za kompyuta. Kama ni maua tu, sema mapema, nikawashe."

"Bado, Mama Benta. Moshi uko juu yetu sasa hivi."

Benta akatazama juu. Nasi wote tukatazama. Hapakuwa na kitu.

Maxwell alifika amevaa suti nyeusi ya kanisani, akapewa kiti kivulini, karibu na ngazi. Paul akakaa kando yake. Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani. Scovia aliteremka na kompyuta yake, akasimama upande wangu wa kushoto, Maxwell akiwa upande wangu wa kulia, hatua mbili tu kutoka kwake.

"Mwambie Baba uko kama mita mia nne," akaniambia.

"Nimesikia," Maxwell akaniambia mimi. "Mwambie sioni kitu."

Sikuhitaji kusema neno.

"Mwambie Baba macho hayauoni ukiwa mwembamba hivi. Asubiri jua."

"Muulize kama moshi wangu umekosa gari."

Watu wa karibu wakacheka. Paul akatazama saa. Scovia hakucheka wala kununa. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta kama alivyokuwa akitazama, nadhani, mlango wa bani la baba yake.

Jua likapanda. Tulivua masweta. Kwanza vilima vya Gwassi vikapoteza makali yao, kama mtu amepulizia kioo pumzi. Kisha vikawa kijivu.

"Mita mia mbili," Scovia akasema, na safari hii hakusema mwambie Baba.

Harufu ndiyo iliyofika kabla ya macho kuwasha. Ilikuwa tamu, nzito, ya sukari iliyoungua. Karungu hawakuijua, walisema tu kuna kitu kinanuka. Mimi niliijua, na Maxwell aliijua kama mtu anavyojua shati lake. Nilimwona akiinua kichwa, akivuta pumzi mara moja, kisha akakaa bila kutikisika.

Kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakatoka wakikimbia, na haikupita muda mrefu tukasikia kikohozi cha kwanza, kisha vingine. Msichana mmoja mdogo alikaa chini karibu na mlingoti akisugua macho kwa sketi yake.

Paul aliinuka, akaenda mpaka kwenye matanuri, akainama na kuingiza mkono ndani ya la kwanza. La pili. La tatu alikuta kuku amelala kwenye majivu, kuku akatoka akipiga kelele. Hakuna aliyecheka.

Maxwell akatoa leso, akaishika mdomoni kidogo, akaikunja.

"Muulize," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Tukichoma mchana?"

"Mwambie Baba mchana moshi unapanda juu na kutawanyika. Lakini moto unaweza kuruka."

"Hiyo Mwalimu aliikataa."

"Aliikataa," nikasema.

Najua alichokuwa anafikiri, maana nami nilikuwa nakifikiri. Mume wangu alichagua jioni kwa sababu alimwona jirani. Hawa watoto wa Karungu hakuwaona. Kama angewaona, asingengoja kuulizwa mara mbili.

Maxwell akasimama, akafunga kifungo cha koti, na kusema kwa ile sauti ya mikutano ya wakulima.

"Mimi ni Maxwell Obare wa Uriri, mwenyekiti wa wakulima wa miwa. Moshi mnaouvuta sasa ni wa shamba langu. Nilichoma jana jioni. Siku nyingine ni wa wenzangu. Hawa akina mama hawahusiki." Akawaonyesha kwa mkono. "Kaka yangu, Mwalimu Obare, alitufundisha kuchoma hivyo ili tusimuumize jirani. Hatukujua jirani anafika mpaka huku. Kwangu tutakata miwa mibichi. Wenzangu nitawaambia."

Akakaa. Paul akasema matanuri yatabaki yalipo, na hilo likaisha kwa maneno machache kuliko lilivyoanza. Benta alikuja mbele ya Maxwell, mikono kiunoni, macho mekundu kama ya wote.

"Mzee, umetuletea moshi kutoka Uriri yote hiyo, ukakosa kutuletea hata muwa mmoja?"

"Nitaleta," Maxwell akasema. "Mbichi."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Scovia hakumshtaki mtu. Hakusema naye hata neno moja.

Sisemi kwamba anga ya Karungu sasa ni safi daima. Wakataji wa shamba letu wanalalamika majani yanawakata mikono na nyoka wamo, na Maxwell amewanunulia mabuti. Baadhi ya wakulima wamemfuata, wengine bado wanachoma, na siku hizo utepe unarudi, mwembamba zaidi, na Scovia humpigia mwalimu mkuu alfajiri ili watoto wapumzikie darasani. Benta ana samaki wake. Na Uriri nimeanza kusikia mtu akisema amekata kwa Obare, neno ambalo hakuna aliyeniuliza kama linafaa. Linafaa.

Maxwell hunipigia simu asubuhi nyingi, kabla hajatoka kwenda shambani. Scovia huwa jikoni kwangu wakati huo, anakunywa chai kabla ya kwenda ofisini, kompyuta iko mezani kando ya mkate.

"Muulize huyo binti anga ikoje," husema.

"Mwambie Baba leo ni safi kabisa," Scovia husema, akipaka siagi.

"Nimesikia," Maxwell hujibu, kabla sijafungua mdomo, na kukata simu.